Tangazo la Hatari Hulala Ofisi Gani?

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024, kifusi kilishuka katika mgodi mdogo wa dhahabu wa Ng'alita wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu, jirani kabisa na Shinyanga. Walikufa watu zaidi ya 20, wengi wao vijana. Baadaye viongozi wa wilaya walieleza kwamba eneo lile lilikuwa limezuiliwa. Afisa madini alishapita pale wiki chache nyuma, akaona mvua ilivyoilegeza ardhi, akaagiza kazi isimame. Onyo lilikuwepo, basi, na aliyelitoa alikuwa na mamlaka ya kulitoa na sababu ya kulitoa. Hata hivyo vijana walishuka.

Kila ajali ya namna hii ikitokea, maneno ya kwanza huwa ni yale yale: wachimbaji ni wakaidi. Wapo wakaidi, sikatai. Lakini sisi tunaoshughulika na serikali za vijiji tuna swali jingine la kuuliza kabla ya hilo. Agizo lilipotoka kinywani mwa afisa, lilikwenda wapi? Liliandikwa? Nani alilibeba mpaka kitongojini, na nani alikesha kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia, usiku ule? Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kishapu na Msalala mpaka Nyang'hwale, Mbogwe na Bukombe, maonyo ni mengi. Mengi yao hulala njiani, na mahali yanapolala panajulikana.

Tuanze na ngazi zenyewe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inakipa kila kijiji vyombo viwili. Cha kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ambao unapaswa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Cha pili ni halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inayofanya kazi kupitia kamati zake, mojawapo ikiwa ya ulinzi na usalama. Mwenyekiti huchaguliwa na wananchi. Waliopo sasa walipatikana kwenye uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024, na wengi wanaujifunza uongozi wakiwa kazini. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ndiye anayeshika mafaili, mihuri na daftari la wakazi. Chini yao yuko mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hana mshahara wala ofisi, na mara nyingi hata simu yake haina salio. Huyu wa mwisho ndiye pekee anayejua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kukimbia.

Taarifa ya hatari hushuka kwa ngazi hizo hizo. Inatoka mkoani au wilayani, inapita kwa mtendaji wa kata, inafika kwa mtendaji wa kijiji. Mpaka hapo husafiri haraka, kwa sababu siku hizi watendaji wote wako kwenye makundi ya WhatsApp ya wilaya. Kutoka kwa mtendaji wa kijiji kwenda kitongojini ndiko inakokwama. Mtendaji anaichapa, anaigonga muhuri, anaibandika kwenye ubao wa matangazo, na moyoni anaona kazi imekwisha. Ubao uko ukutani mwa ofisi, na ofisi iko kilomita kadhaa kutoka kambi ya wachimbaji. Mchimbaji aliyefika juzi kutoka Tabora au Kigoma hana jambo litakalompeleka kwenye ofisi ya kijiji. Hakuchagua mwenyekiti yeyote pale, na jina lake haliko kwenye daftari la mtendaji. Kwa mujibu wa makaratasi, mtu huyo hayupo kijijini. Kwa mujibu wa shimo, yupo mita 30 chini ya ardhi.

Hapo pana kasoro ya kisheria ambayo wananchi wengi hawaijui. Kijiji ndicho kinachosimamia ardhi yake, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Madini yaliyo ndani ya ardhi hiyo si ya kijiji. Ni mali ya umma, na leseni ya kuyachimba hutolewa na Tume ya Madini kupitia ofisi zake za mikoa. Shimo moja, basi, lina wakubwa wawili wasiokaa meza moja: mwenye leseni anaripoti kwa afisa madini, mkulima mwenye shamba anaripoti kwa mwenyekiti, na vijana waliomo ndani hawaripoti kwa yeyote ila kwa mwenye duara anayewalisha. Ikilipuka rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, hali inakuwa ngumu zaidi. Mkulima anaokota jiwe lenye chembe, habari inasambaa usiku, na ndani ya siku chache shamba la pamba limegeuka mji wa maturubai, mama lishe, makarasha ya kusaga mawe na jenereta. Serikali ya kijiji iliyozoea kusuluhisha ugomvi wa mipaka inajikuta ina wageni wengi kuliko wenyeji, na hakuna mwongozo uliobandikwa popote unaosema ifanye nini kesho asubuhi.

Ili mtu aelewe kwa nini siku chache zina uzito, inafaa ajue shimo linauaje.

Udongo wa juu katika sehemu kubwa ya ukanda huu ni mfinyanzi na changarawe nyekundu iliyolegea, iliyokaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, maji huingia katikati ya chembe za udongo na kuzisukuma mbali. Udongo unapata uzito, na wakati huo huo unapoteza ule mshikamano uliokuwa unaubeba. Kuta za duara zinaanza kusukuma matimba kwa nguvu ambayo magogo yale hayakuwekwa kuihimili. Jambo linalowaponza watu ni kwamba maji hayafiki chini siku ile ile. Mvua inakatika Jumatatu, jua linawaka Jumanne, juu panakauka, watu wanasema sasa salama, wanashuka Jumatano. Na Jumatano ndiyo siku ambayo maji yamefika kwenye tabaka lililobeba kila kitu. Mtu akikwambia ardhi imekauka, muulize ameikanyaga wapi.

Kiangazi nacho hakina dhamana. Tarehe 11 Agosti 2025, mwezi ambao Shinyanga haioni mvua, maduara yalititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo huko Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Watu 25 walifukiwa. Watatu walitolewa hai mapema, na uokoaji ukaendelea siku nyingi baada ya hapo. Ardhi kavu hubomoka kwa sababu zake: matimba yaliyoliwa na mchwa au kuoza kwa unyevu wa chini, nguzo za mwamba zilizoachwa na waliotangulia kisha zikapunguzwa na waliofuata kwa sababu zina dhahabu, mtikisiko wa baruti kutoka shimo la jirani. Na zaidi ya yote, njia za chini kwa chini. Maduara mawili yenye wenyewe wawili tofauti, juu yametengana kwa hatua 20, chini huwa yameshaungana pasipo mtu yeyote kuchora ramani. Likianguka moja, linavuta la pili.

Kuna muuaji mwingine ambaye hata haonekani. Vijana hushusha jenereta au pampu ndani ya shimo ili kutoa maji. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Wachimbaji wa zamani hupima hewa kwa mshumaa au kibatari: ukizimika, panda. Kipimo hicho husaidia pale oksijeni inapopungua, lakini kwa gesi hii hakifai hata kidogo, maana mshumaa unaendelea kuwaka huku mtu anaanguka. Mwenzake anashuka kumwinua, naye anaanguka. Wa tatu anaitwa. Kwa jinsi hii shimo moja hubeba ndugu wa familia moja ndani ya nusu saa. Injini haishuki shimoni. Ikae juu, upepo ukipeleka moshi upande wa pili. Sheria hii moja tu, ikitangazwa kwa Kisukuma na Kiswahili kila siku ya gulio, ingeokoa watu wengi kuliko semina nyingi ninazozijua.

Sasa turudi kwenye onyo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, na hutumia ngazi tatu zenye rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Geita na Shinyanga zimo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, pamoja na Kagera, Mwanza, Simiyu na Mara, ukanda unaopata vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Utabiri hutolewa kwa mkoa. Hausemi lolote kuhusu kitongoji chako, na hauwezi kusema. Unaposikia redioni angalizo la mvua kubwa kwa baadhi ya maeneo ya mkoa wa Geita, kuna mtu lazima akae na kulitafsiri kwa lugha ya kijiji: mto fulani hautavukika kuanzia usiku, watoto wa upande ule wasije shule kesho, maduara ya bondeni yafungwe kwa siku tatu hata kama jua litawaka. Mtu huyo si TMA. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, jukumu la maafa limeshushwa kwa kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Nenda kijijini kwako ukaulize kamati hiyo ni akina nani. Mara nyingi utaambiwa ni ile ile halmashauri ya kijiji, na haijawahi kukaa kwa jina hilo.

Waliokuwa Kahama mwaka 2015 hawahitaji kushawishiwa. Usiku wa tarehe 3 Machi, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga kijiji cha Mwakata. Nyumba za tope ziliwaangukia watu usingizini, na karibu watu 40 wakapoteza maisha. Mwezi uliofuata, huko Kalole, wachimbaji 19 walikufa shimo lilipoporomoka baada ya mvua. Oktoba ikaja Nyangarata, ambayo nitaifikia hivi punde. Wilaya moja, ndani ya miezi minane. Pale Mwakata hapakuwa na shimo wala mchimbaji mkaidi. Palikuwa na kuta za udongo mbichi na mapaa yasiyofungwa. Kijiji kinachozungumza usalama kwa maana ya machimbo peke yake kinawasahau bibi na wajukuu wanaolala ndani ya tope.

Nyangarata. Tarehe 5 Oktoba 2015 duara liliporomoka na kuwafungia wachimbaji sita. Watu walichimba, wakakata tamaa, wakaacha. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na maji yaliyokuwa yakivuja kutoka juu. Mwenzao mmoja alikuwa ameshakufa humo humo. Dunia nzima ilistaajabia uvumilivu wao, na wanastahili. Mimi hunisumbua upande wa juu wa hadithi hiyo: uamuzi wa kuacha kutafuta hufanywaje, na nani? Kwa karatasi gani inayoonyesha nani alishuka, kupitia mdomo gani, akielekea upande upi?

Linganisha na Geita. Januari 2017, katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, watu 15 walinaswa chini, mmoja wao raia wa China. Waokoaji walifanikiwa kupitisha bomba, wakawapelekea hewa na chakula, na baada ya siku chache wote 15 wakatoka wazima. Tofauti ya vifaa ilikuwepo, ndiyo; mgodi ule ulikuwa na mashine. Lakini bomba huelekezwa mahali, na mahali hapo hujulikana kwa sababu kuna mtu juu anayejua watu wangapi wako wapi. Ng'alita, idadi iliyotajwa mwanzoni ilikuwa ndogo kuliko idadi ya miili iliyotolewa. Waokoaji walipokuwa wanahesabu, hakuna aliyejua wanahesabu mpaka ngapi.

Ndiyo maana, ningeombwa nichague jambo moja tu la kuwekeza katika kijiji cha machimbo, nisingechagua king'ora wala gari. Ningechagua daftari la mdomoni mwa duara. Kila anayeshuka anaandikwa jina, anakotoka, namba ya simu ya ndugu, saa ya kushuka, akipanda anakatwa. Nakala moja hubaki kwa mwenye duara, nyingine hupelekwa kila jioni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Bei yake ni ya daftari la shule na kalamu. Kikwazo chake si fedha. Mwenye duara anaogopa kwamba daftari litaonyesha viroba vingapi vimetoka na hivyo mrabaha kiasi gani anadaiwa. Mchimbaji anaogopa polisi, au anamkimbia mke, au anadaiwa huko alikotoka. Hofu hizo ni za kweli, na kijiji kinachotaka daftari lifanye kazi lazima kiamue mapema kwamba daftari la watu halitachanganywa na daftari la mawe, na kwamba mtoza ushuru hatalisogelea. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu tu karatasi ya usalama iligeuzwa karatasi ya kodi.

Kuna watakaosema vijiji vyetu havina chombo cha kufanya kazi kama hiyo. Usukuma ndio mahali pa mwisho pa kusema hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi nguvu za polisi, ni wanavijiji wa Kahama na Shinyanga waliojipanga wenyewe kuwa sungusungu, wakiwa na makamanda wao, zamu za doria, na mwano: ukelele unaopokelewa kutoka boma moja hadi jingine, ambao kila mwanamume mzima alilazimika kuuitikia la sivyo atozwe faini. Ng'ombe aliyeibwa jioni alitangazwa vijiji kadhaa kabla ya usiku wa manane, miaka ambayo simu ilikuwa mjini tu. Mwaka 1989 Bunge liliwatambua kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Utaratibu huo haujafa. Umechoka tu katika sehemu fulani, na sehemu nyingine uko hai kabisa. Mtu anayeweza kukesha akilinda njia ya ng'ombe anaweza kukesha akilinda mdomo wa duara lililofungwa na afisa madini.

Lakini hapa lazima niweke neno kali. Shinyanga ina historia nyingine ya mwito uliopokelewa haraka bila kuhojiwa. Wanawake wazee wameuawa katika mkoa huu na jirani zake kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi ya kupikia kwa miaka mingi. Watu wenye ualbino wameuawa kwa uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta bahati, ukiwemo uongo wa bahati ya dhahabu. Sungusungu wenyewe, tangu siku zao za mwanzo, hawakuishia kwa wezi wa ng'ombe. Waliwaandama pia watu walionyoshewa kidole cha uchawi. Kwa hiyo mwito wa hatari katika kijiji lazima uwe na mpaka: unatangaza tukio na mahali, hautangazi mtu. Mto umejaa, duara limetitia, nyumba inaungua. Shutuma dhidi ya mtu zinakwenda polisi na kwa mtendaji, mchana, kwa maandishi. Simu imelifanya hili kuwa gumu zaidi, maana sauti ya sekunde 30 kwenye kundi la WhatsApp haina boma ilikotoka. Kundi la kijiji liwe na watu wawili tu wanaoruhusiwa kutangaza dharura, na majina yao yajulikane.

Hatari nyingine nizipitie kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo.

Zebaki. Mchimbaji anaichanganya na mchanga kwenye karai, inashika dhahabu, kisha anaichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke wake ukivutwa huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi ya mama yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopitishwa Japani mwaka 2013 kwa kumbukumbu ya mji ambao watu wake walilishwa sumu hiyo na samaki wa bahari yao. Mikataba ni ya Dodoma. La kijiji ni kuhakikisha hakuna anayechomea jikoni, kwamba anayechoma anatumia ritoti, chombo kinachonasa mvuke, na kwamba mwalo wa kuchenjulia hauko kando ya kisima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mita 60 mtu yeyote anaweza kuzipima kwa kamba.

Baruti. Wakazi wa Nyamalembo na Katoma, jirani na mgodi mkubwa wa Geita, wamelalamika miaka mingi kuhusu nyufa za nyumba wanazozihusisha na milipuko. Mjadala huo una wataalamu wake. Ninachosema mimi ni kwamba kijiji au mtaa unaopakana na mgodi unapaswa kuwa na ratiba ya milipuko kwa maandishi, na daftari lake lenyewe: tarehe, saa, picha ya ufa ulivyokuwa kabla na baada. Malalamiko yasiyo na tarehe hayafiki mbali katika meza ya fidia.

Mabwawa ya tope. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji jirani. Hakufa mtu. Kila kijiji kilicho upande wa chini wa bwawa la namna hiyo kina haki ya kujua tope litapita wapi ukuta ukivunjika, na watu wakimbilie mwinuko gani. Ni swali la kuulizwa kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa taasisi inayohusika na sheria hiyo siku 30 za kujibu, kwa hiyo barua igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala yake itunzwe.

Fedha ndizo huleta kelele zaidi mikutanoni, na kelele nyingi zinatokana na kutojua. Ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo, unaolipwa na migodi, huingia kwenye halmashauri ya wilaya, manispaa au mji. Hauingii kijijini. Mwenyekiti wa kijiji anayeshutumiwa kwamba ameula hajawahi kuuona. Kwa upande mwingine, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105, yanamtaka mwenye haki ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na mamlaka ya serikali za mitaa inayohusika. Mipango hiyo imejenga madarasa na zahanati nyingi, na nashukuru. Sijaona mingi iliyoweka uzio kwenye mashimo yaliyoachwa, ambamo maji ya masika hujaa na watoto wachunga mbuzi huoga. Darasa lina jiwe la msingi la kuzinduliwa na kiongozi, uzio hauna. Kijiji kinachotaka uzio kiupitishe kwenye mkutano mkuu, kiandike muhtasari, na kiupeleke wilayani kabla mpango wa mwaka haujafungwa, kwa sababu ukishafungwa jibu litakuwa mwakani.

Na mkutano mkuu huo, nini kiwekwe kwenye ajenda? Mikutano yetu ina tabia ya kusoma mapato na matumizi mpaka jua linachwea, kisha mengineyo. Ningependekeza usalama uje mwanzoni, watu wakiwa bado wapo, na maswali yawe ya majina. Nani anapokea utabiri wa TMA kila jioni, na akisafiri nani anapokea badala yake? Nani anakwenda kambini kuwaambia wageni, kwa lugha gani, na mwenye leseni anamlipia nauli? Maduara yaliyofungwa yana alama gani, na zamu ya usiku wa leo ni ya nani? Mkutano wa kila miezi mitatu hauwezi kutangaza mvua ya kesho, lakini unaweza kuamua nani atakayeitangaza, na kuyaandika majina hayo kwenye muhtasari ambao mtu anaweza kuulizwa nao baadaye.

Jambo likitakiwa liwe na nguvu ya faini, kwa mfano wajibu wa kuweka daftari la duara au marufuku ya kufungulia shimo lililozuiliwa, itatungwa sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji huiandika, wananchi huijadili kwenye mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Bila idhini hiyo ni makubaliano tu, na mgambo atakayemtoza mtu faini kwa makubaliano atajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Uidhinishaji huchukua muda, wakati mwingine miezi mingi. Katika kipindi hicho njia ya haraka ni mkataba wa maandishi kati ya serikali ya kijiji na mwenye leseni, ukishuhudiwa na ofisi ya afisa madini wa mkoa, unaotaja daftari, siku za kufunga baada ya mvua, na nani ana ufunguo wa winchi. Winchi isiyo na ufunguo haimshushi mtu. Namba za dharura ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na 112 kwa polisi. Na kwa kuwa kambi nyingi ziko bondeni ambako mtandao haukamati, kamati ya ulinzi itafute mapema kilima au mti ambao simu inashika, na njia yake ifyekwe kabla ya vuli.